Sukari ilipanda mlima mbele ya mswaki

Uliza watu wa Minembwe wanasugua meno saa ngapi, wengi watakujibu: asubuhi, kabla ya kutoka. Asubuhi ya Jumapili ndiyo haikosi kabisa. Na usiku? Usiku mtu anakunywa chai, anaomba, analala. Nimejiuliza hii desturi ilitoka wapi, juu kwetu jino likianza kuuma, mwisho wa habari mara nyingi ni koleo. Kushuka Baraka ao Uvira kutafuta muganga wa meno ni safari ya siku nyingi, na miaka hii ya vita kuna njia ambazo mtu hapiti kwa sababu ya jino.

Tuanze na neno lenyewe. "Mswaki" linatoka kwa Kiarabu, miswak. Lilipita pwani, likafuata misafara ya wafanya biashara mpaka Ujiji, likavuka ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na hiki Kiswahili tunachosema Uvira na Fizi. Kwa Waarabu ni kijiti cha muti ambao wanasayansi wanauita Salvadora persica. Kama mtu wa kilimo nawaambia, ule muti Minembwe hautakubali. Unapenda joto, ukame, hata udongo wenye chumvi. Sisi tuko zaidi ya mita 2000, kwenye baridi na ukungu. Kwa hiyo neno lilipanda mlima, muti ukabaki chini.

Wazee wetu walikuwa na vijiti vyao. Unatafuna ncha mpaka inafumuka, unasugua. Wengine walitumia mkaa uliosagwa, na hapo sitawasifu, mkaa unakwaruza jino. Lakini nadhani kilichowalinda zaidi si kijiti. Ni kwamba sukari ya kila siku haikuwepo. Mwaka 1935 daktari wa meno Mmarekani, Weston Price, alizunguka Kenya, Uganda na Kongo ya Wabelgiji akichungulia vinywa vya watu. Kwa Wamasai, wanaokula maziwa, nyama na damu, aliandika kwamba meno yaliyooza yalikuwa machache sana. Price alivuta mambo mengine mbali kupita ushahidi wake, lakini kwa sukari na unga mweupe hakukosea. Sisi wenye historia ya ng'ombe na maziwa tunaelewa haraka.

Halafu sukari ikaja, na kwetu ilikuja kutoka karibu. Miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga kiwanda cha sukari Kiliba, katika bonde la Ruzizi, pale kaskazini ya Uvira. Mashamba ya miwa, mashine, kazi kwa maelfu ya familia. Kilisimama 1996 vita ilipofika. Hapa mimi niko na huzuni mbili zinazopigana: kama mtu wa kilimo ningependa Kiliba irudi kama zamani, kama mtu mwenye meno naona kile kiwanda kilisaidia kutufundisha kwamba chai bila sukari ni chai ya maskini. Kiwanda kilisimama, desturi haikusimama. Leo sukari inapanda kwa pikipiki na kwa mgongo wa watu mpaka sokoni, na mgeni bado anapewa vijiko vitatu.

Je, burosi ilikuja namna gani? Wazungu wenyewe hawakuwa nayo zamani sana. Burosi zao zilikuwa za nywele za nguruwe (sasa unaelewa kwa nini Mwislamu hakuwa na haraka ya kuacha kijiti chake), na za nailoni zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Hata huko, aliyewazoeza watu sana kusugua kila siku ni mtu wa matangazo, Claude Hopkins, aliyekuwa anauza dawa ya Pepsodent mwanzoni mwa karne ya 20. Aliwaambia: pitisha ulimi kwenye meno yako, utasikia utando. Basi kila mtu akapitisha ulimi, akausikia, akataka kuuondoa. Ile alama ndogo, inayokuja kila siku bila kuitwa, ndiyo iliyokamata.

Sisi alama yetu ilikuwa nyingine. Burosi ilifika na shule na misheni, kwenye mstari wa asubuhi, mwalimu anaangalia kucha, nywele, nguo, kinywa. Usafi wa kuonekana mbele ya watu. Ndiyo maana mpaka leo tunasugua kabla ya kuonekana, na usiku, hakuna wa kutuona.

Lakini jino linaharibika zaidi usiku. Mate ndiyo yanayosafisha asidi, na ukilala mate yanapungua. Chai tamu ya mwisho inabaki kazini mpaka asubuhi.

Kuna jambo lingine la kujua, na lilipatikana kwa njia ya aibu. Uswidi, nchi ya wale Wapentekoste waliosimamisha hospitali ya Lemera, miaka ya 1940 kulikuwa majaribio katika hospitali ya Vipeholm, mji wa Lund. Wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa peremende za kunata, bila wao kukubali, ili ionekane meno yanaozaje. Yalioza sana. Ikaonekana pia kwamba sukari ileile ikiliwa pamoja na chakula inaharibu kidogo kuliko ikiliwa mara kwa mara katikati. Baadaye Waswidi wakashauriwa watoto wapewe peremende Jumamosi tu, na ile desturi iko mpaka leo. Wale wagonjwa walilipa bei yetu sote. Si vizuri kujifanya hatujui.

Kwa hiyo swali la Minembwe si vijiko vingapi tu, ni mara ngapi kwa siku. Kikombe kimoja na chakula ni afadhali kuliko kikombe kinachonyweka polepole kuanzia saa nane mpaka jioni. Biskuti na fanta za mtoto zinaweza kungoja siku ya soko.

Na usiku? Karibu kila nyumba kwetu kuna maombi kabla ya kulala. Hiyo ni alama tayari, hakuna wa kutuletea tangazo. Weka kopo la maji na burosi karibu na pale mnapoombea: "amina", halafu meno, halafu hakuna tena chai. Dawa iwe na floraidi. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa za lazima, pamoja na zile za malaria. Kwa mtoto mdogo weka kidogo sana, kama punje ya mchele. Ukimaliza tema, usisukutue na maji mengi, iache ifanye kazi. Siku dawa imeisha, sugua na burosi tupu, lakini saa ileile.