Jamii kujitambulisha: Vigezo vinavyotumiwa na mahakama

JE, inatosha jamii kujiita ya asili ili ipate ulinzi maalumu wa sheria? Maamuzi yaliyotolewa kuhusu jamii tatu za Kenya yanaonyesha kuwa kauli ya jamii kuhusu nafsi yake ina uzito mkubwa, lakini haisimami peke yake.

Shauri linalojulikana zaidi ni la Waogiek wa Msitu wa Mau. Oktoba 2009, Shirika la Misitu Kenya lilitoa notisi ya siku 30 likiwataka waondoke msituni, kwa maelezo kuwa eneo hilo ni chanzo cha maji kinachopaswa kuhifadhiwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipokea malalamiko yao, na mwaka 2012 ikaifikisha Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jijini Arusha, Tanzania.

Serikali ilijitetea kuwa Waogiek wa sasa si wale wa zamani. Ilidai kuwa wamebadili mwenendo wa maisha, hivyo hawana tofauti na Wakenya wengine.

Katika hukumu ya Mei 26, 2017, Mahakama iliukataa utetezi huo. Ilieleza kuwa mavazi na alama za nje za jamii huweza kubadilika, ilhali maadili yake na namna inavyojitambua vikabaki.

Vigezo vinne

Ili kubaini watu wa asili, Mahakama ilizingatia mambo manne: kutangulia kulikalia na kulitumia eneo, kuendeleza kwa hiari utamaduni wa pekee, kujitambulisha kuwa kundi la pekee, pamoja na kutambuliwa hivyo na makundi mengine au na mamlaka za dola, na kuwahi kukandamizwa, kunyang'anywa ardhi, kutengwa au kubaguliwa.

Kwa maana hiyo, jina ambalo jamii inajiita ni sehemu ya ushahidi, na hupimwa sambamba na historia yake.

Mahakama ilihitimisha kuwa Waogiek ni watu wa asili, na kwamba Kenya iliwabagua kwa kutowatambua kuwa kabila la pekee kama ilivyoyatambua makundi mengine. Aidha, ilisema hoja ya uhifadhi haikuhalalisha kuwafukuza, kwa kuwa uharibifu wa Mau ulisababishwa na uvamizi wa makundi mengine, pamoja na hatua za Serikali yenyewe za kumega msitu kwa ajili ya makazi na kuruhusu ukataji wa miti.

Waendorois na Wailchamus

Suala hilo lilikuwa limejitokeza awali katika shauri la Waendorois, waliohamishwa kandokando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Serikali ilipinga kuwa wao ni jamii ya pekee. Uamuzi wa Tume ya Afrika, uliotangazwa mwaka 2010, uliwatambua kuwa watu wa asili, huku ukitilia mkazo namna wanavyojitambua wenyewe.

Ndani ya Kenya, mwaka 2006 Mahakama Kuu iliwatambua Wailchamus wa Baringo kuwa jamii ndogo yenye maslahi ya pekee. Katika shauri hilo, kilichogombaniwa kilikuwa uwakilishi bungeni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 260, inazitaja jamii za asili zinazoishi kwa kuwinda au kukusanya matunda ya mwituni kuwa miongoni mwa jamii zilizotengwa. Ibara ya 63 inahesabu ardhi zao za jadi kuwa ardhi ya jamii.

Baada ya kutambuliwa

Juni 23, 2022, Mahakama ya Afrika iliiamuru Kenya kuwalipa Waogiek fidia ya Sh 157,850,000 za Kenya, na kuwapimia ardhi yao na kuwapa hati ya pamoja ndani ya miaka miwili.

Hata hivyo, Novemba 2023, muda huo ukiwa bado haujamalizika, familia za Waogiek zilifukuzwa na nyumba zao kubomolewa huko Sasimwani, Narok. Hukumu ilikuwa imewapa jina mbele ya sheria. Kulinda makazi yao kulitegemea dola ileile waliyokuwa wameishinda mahakamani.