"Kinyama Kimerudi": Uvimbe wa Ufizi na Swali la Chanzo katika Pwani ya Bagamoyo

Bagamoyo, kama kwingineko pwani, mtu aliyekatwa uvimbe wa ufizi kisha ukaota tena husema, "Kinyama kimerudi." Kauli hiyo inachukulia kwamba kiliondoka. Makala haya yanadai kuwa mara nyingi hakikuondoka: ama shina lake lilibaki, ama kilichokiotesha kilibaki. Tiba ya pili inategemea ni lipi kati ya hayo lililotokea.

Tuchukue uvimbe unaowapata sana wajawazito. Ni mwekundu, laini, wa ukubwa wa punje ya kunde au zaidi, umechomoza kati ya meno mawili. Mswaki ukiugusa tu, mate yanageuka damu. Mwaka 1897 matabibu wa Kifaransa Poncet na Dor waliudhania kuwa maambukizi ya kuvu. Jina ulilolipata baadaye, granuloma ya usaha, nalo linapotosha, kwani ndani hamna usaha ila mishipa midogo ya damu iliyoota kwa wingi. Ndiyo maana antibiotiki za duka la dawa haziufanyi unywee. Unaouchokoza ni ugaga uliojificha chini ya ufizi, na homoni za mimba huuchochea. Ukikatwa mimba ikiwa ya miezi mitano na ugaga ukaachwa, utaota palepale. Mara nyingi hunywea baada ya mama kujifungua; usipomzuia kula wala kumtoa damu nyingi, heri asafishwe meno na kungojea.

Fibroma yenye chembe za mfupa, uvimbe mwingine wa ufizi, ina habari nyingine. Inaaminika kuanzia kwenye nyuzi zinazolishikilia jino, hivyo mkasi unaopita juujuu hauifikii. Mpasuaji hana budi kuteremka hadi mfupani, auondoe utando wake na kukwangua mzizi wa jino. Tafiti huripoti kurudi kwake kati ya asilimia 8 na 20.

Wapo watakaopinga wakisema kuwa uvimbe huweza kurudi hata baada ya upasuaji makini. Ni kweli. Lakini hoja hiyo haiwezi kusimama pale ambapo kipande kilichokatwa kilitupwa kwenye ndoo bila kupimwa. Sarkoma ya Kaposi, ambayo ni saratani, nayo huweza kujitokeza kwenye ufizi kama uvimbe mwekundu, na jicho pekee halitoshi kuitambua. Kipande kitiwe kwenye formalini kipelekwe maabara ya patholojia, hata ikibidi safari ya kilomita sitini na ushei hadi Dar es Salaam.

Hivyo kadi ya mgonjwa ibebe mambo matatu: jina la uvimbe kutoka maabara, kina cha upasuaji, na kama ugaga ulitolewa. Aondoke nayo mkononi, kwa sababu atakayemkata mara ya pili huenda asiwe aliyemkata mara ya kwanza.