Mguu wa Biharusi: Kutoka Mitawanda Hadi Mchuchumio



Tunapoandaa harusi zetu hapa visiwani, kiatu ndicho cha mwisho kununuliwa na cha mwanzo kujutiwa. Nguo tunaipima mara tatu kwa fundi, hina tunaichagulia ua, udi tunauweka mapema. Kiatu tunakichagua kwa macho, siku mbili kabla ya shughuli, kisha tunakaa juu yake usiku mzima tukitabasamu kwa tabu. Wiki inayofuata tunajiuliza kwa nini kisigino kinauma na vidole vimeota sugu.

Tabia hii haikuanza na sisi. Kwa karne nyingi hapa pwani, kazi kubwa ya kiatu ilikuwa kutangaza mtu ni nani. Kumsaidia kwenda kulikuja baadaye. Leo tuitazame historia hiyo kidogo, kwa sababu anayejua ilikotoka desturi hujua pia lipi la kulishika na lipi la kuliacha.

Kiatu kilipokuwa cheo

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu akaswali Ijumaa pamoja na mtawala wa mji. Anasimulia kwamba walipotoka msikitini, mtawala alivaa viatu vyake, akamwambia kadhi avae, na mgeni naye avae. Wakaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwake, na watu wengine wote wakawafuata pekupeku. Katika msafara ule, mtu alijua nani ni nani kwa kutazama miguu tu.

Zaidi ya miaka 500 baadaye, Unguja ya masultani nayo ilikuwa na hesabu ya namna hiyo. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa. Mwanamke mtumwa alivaa kaniki au merikani, mabega wazi, nyayo chini. Sheria ya kufuta hali ya utumwa ilipotoka mwaka 1897, wengi waliokombolewa walianza kuvaa vile walivyokatazwa: wanaume kanzu, kofia na viatu, wanawake kanga, ukaya, na baadaye buibui. Masuria, wanawake waliokuwa majumbani mwa mabwana zao, hawakuingizwa katika sheria ile. Walisubiri mpaka 1909.

Kwa hiyo tunapomwona bibi mzee leo anakataa kutoka mlangoni bila viatu hata kwa hatua kumi, tusimcheke. Katika familia nyingi kiatu kilikuwa ushahidi kwamba mtu ni huru.

Tumkumbuke pia Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 katika familia ya watumwa. Kabla ya sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928 na kusikika pwani nzima, alikuwa akitembea kuuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akivinadi kwa sauti njiani. Sauti ile iliyokuja kuimba taarabu ilijengwa na pumzi za mtu aendaye kwa miguu, mzigo kichwani, shingo imenyooka.

Mitawanda na hatua zake

Upande wa pili wa mji walikuwapo mabibi wa majumba makubwa. Wao walivaa mitawanda, viatu vya mti vilivyoinuliwa juu ya visigino viwili vya mbao, kimoja mbele na kimoja nyuma. Havikuwa na ukanda. Vilikuwa na msuruaki, kile kijiti chenye kichwa cha duara kinachobanwa kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Wazee wetu hawakukibuni peke yao: India kuna paduka, kiatu kinachofanana nacho sana, na nchi za Kiarabu na Uturuki zina qabqabu za mbao. Bahari yetu ilileta vyote viwili. Vya watu wa kawaida vilikuwa mbao tupu. Vya matajiri na mabiharusi vilichongwa nakshi na vingine vilivikwa fedha.

Sayyida Salme, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886 jinsi mabibi wa kasri walivyoishi na kuvaa, viatu vya mbao vikiwamo. Anaeleza pia kuwa mabibi wa daraja lao walikwenda kutembeleana usiku, taa kubwa zikiwa mbele yao.

Mitawanda ilikuwa na akili yake. Sakafu ya hamamu na ya choo ilikuwa na maji muda wote, na ubao ulioinuka uliuweka mguu juu ya utelezi na uchafu. Ndiyo maana viatu vya mti vilikaa miaka mingi penye kutawadhia misikitini. Hamamu ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850, na ile ya Hamamni iliyojengwa zama za Sayyid Barghash, ni mahali ambapo kiatu kama hiki kina maana kabisa.

Lakini mitawanda ni viatu vya hatua chache. Ubao haukunjiki. Mvaaji hubana msuruaki kwa vidole kila hatua, huinua mguu mzima kwa pamoja, na huenda kwa hatua fupi zenye kishindo. Hatua hizo ndizo zilizoonekana za kibibi, za mtu asiye na haraka kwa sababu wapo wa kumtumikia. Uzuri wa mwendo ukapimwa kwa kutokwenda mbali. Urithi huo tunao mpaka leo, ila ubao umebadilika jina.

Makubadhi, ndara na mchuchumio

Kati ya pekupeku na mitawanda palikuwa na makubadhi, viatu vya ngozi vya wazi vyenye kanda na gidamu, ule ukanda mdogo unaopita katikati ya vidole. Mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, wamesifika kwa kazi hii kwa vizazi. Kubadhi zuri lina sifa moja kubwa: ngozi hulainika na kulifuata umbo la mguu wa mwenyewe.

Tusiwapambe mno waliokwenda pekupeku. Nyayo zao zilikuwa imara na vidole vimetanuka, ni kweli. Lakini mabuu ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo mchafu, na wanawake wengi wa mashamba walidhoofika kwa upungufu wa damu unaotokana nayo. Funza, miiba na vipande vya chupa havikumjua mtu. Kiatu kilikuwa na faida ya afya pia, si ya heshima peke yake.

Katika karne ya 20 mpira uliwafikia wengi. Zikaja katambuga za tairi, kisha ndara za rangi ambazo leo ziko mlangoni mwa kila nyumba. Ndara ni rahisi, hukauka upesi na zinafaa sana kwa kutawadhia. Lakini zitazame vizuri: hazina ukanda wa kisigino, na kidole ndicho kinachozishika, kama msuruaki ulivyotaka. Ukizivaa kutwa nzima unafupisha hatua bila kujua, unaburuta, na kisigino kilicho wazi hukauka na kupasuka magaga.

Kisha ukaja mchuchumio. Kiatu kirefu chembamba hutupa uzito wa mwili mbele, juu ya vidole. Msuli wa nyuma ya mguu hukaa umefupishwa, mgongo hujipinda ili tusianguke, na ncha nyembamba husukuma kidole gumba kiwaelekee wenzake. Kwa miaka, pembeni pa kidole hicho hutokeza nundu la mfupa. Usiku mmoja hauleti ulemavu, lakini mazoea ya kila siku kazini na kila wiki harusini huleta.

Ukiiweka mitawanda ya fedha na mchuchumio wa dhahabu pamoja, utaona ni ndugu. Vyote viwili humwinua biharusi atazamwe, na vyote viwili humzuia kwenda.

Dini yetu na miguu

Hapa ndipo tunapoona kwamba desturi na dini si kitu kimoja. Desturi ilitufundisha kuupamba mguu kwa ajili ya siku moja. Dini ilitufundisha kuutunza kila siku.

Tazama udhu. Qur'ani inatuamrisha kuosha miguu mpaka vifundoni. Bwana Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya visigino vinavyoachwa bila ya kupata maji, na amefundisha kupitisha kidole katikati ya vidole vya miguu. Mwanamke anayefanya hivyo mara tano kwa siku anakijua kila kidonda kabla hakijawa kikubwa. Kwa mwenye kisukari jambo hili ni kubwa mno, kwa sababu kisukari huua hisia za nyayo, na mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Madaktari humtaka aikague miguu yake kila siku. Muislamu amekwishapewa nafasi ya kufanya hivyo mara tano.

Hata uvaaji umefundishwa: tuanze na wa kulia tunapovaa, wa kushoto tunapovua, wala tusitembee na kiatu kimoja. Mwendo pia una adabu. Luqman alimuusia mwanawe asiende kwa maringo na awe wa wastani katika mwendo wake. Sura ya Nur inatukataza kupiga miguu chini ili mapambo yaliyofichwa yajulikane, na bibi zetu waliovaa furungu waliielewa aya hiyo vizuri sana. Na yule binti aliyemwendea Nabii Musa (A.S.) alikwenda kwa haya. Haya ni katika namna ya kwenda, haikumzuia kwenda.

Na nani amesahau kwamba moja katika ibada zetu kubwa ni mwendo wa mwanamke? Bi Hajra alikwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa mara saba akimtafutia mwanawe maji. Mkondo mmoja ni takriban mita 450, na wote saba ni zaidi ya kilomita 3, tena baada ya kutufu. Mama zetu wengi huikumbuka miguu yao wakiwa tayari wako Makka, magoti yameshachoka. Bi Aisha (R.A.) naye alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akashinda mara ya kwanza, na baadaye akashindwa. Hizo nazo ni ndoa: mume na mke wanatembea, wanacheza, wanacheka.

Kwako wewe biharusi

Tumalizie na yanayofanyika.

Kiatu cha shughuli kinunue mapema, na kijaribu jioni, wakati miguu imeshavimba kidogo kwa kazi za mchana. Simama nacho, paweke nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole chako kirefu kuliko vyote. Vidole viweze kucheza ndani. Kisigino kiwe kifupi na kipana. Chini ya gauni refu hakuna atakayekipima. Kivae nyumbani dakika chache kila siku kabla ya harusi ili mguu na kiatu vizoeane.

Hina itiwe mguu usio na jeraha. Magaga yaloweke maji ya vuguvugu, yasugue taratibu kwa jiwe, kisha paka mafuta ya nazi. Usiyakate kwa wembe. Jihadhari na piko inayochanganywa na rangi za nywele, kwani imewaunguza wengi ngozi na kuwaachia malengelenge siku ya furaha yao. Baada ya udhu kausha katikati ya vidole, maana unyevu ndio unaoalika fangasi. Kucha zikate sawa, usizichimbe pembeni.

Kisha, baada ya fungate, anza kutembea. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri, na buibui lako, na raba nyepesi inayokunjika mbele na kushika kisigino. Simama wima kama aliyebeba mtungi kichwani. Tazama mbele, legeza mabega, acha mikono iende. Kisigino kitue kwanza, uzito upite katika wayo, vidole visukume mwisho. Usirefushe hatua, ukitaka kasi, ziongeze idadi. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mwombe bwana akusindikize. Na mwenye kisukari, mjamzito au mwenye maumivu ya muda mrefu aonane na daktari kwanza.

Somo anapokufunda mambo ya ndoa, mwombe akufunde na hili. Biharusi hutazamwa usiku mmoja, lakini miguu ile ile ndiyo itakayompeleka sokoni, kazini, hospitali na mtoto mgongoni, na inshaallah Safa na Marwa. Bibi zetu wengine walinyimwa kiatu, wengine walivikwa kiatu cha kuwazuia. Sisi tumejaaliwa kuchagua.

Mwenyezi Mungu azipe nguvu nyayo zetu, azielekeze penye kheri, na awabariki mabiharusi wetu wote. Amin.