Bei ya Wakili wa Jinai, Kutoka Katogota hadi Uvira

Kijiji cha Katogota kimo katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya barabara ya Uvira na Bukavu, makumi ya kilomita kutoka Uvira. Kabla ya vita vya mwaka 2025, kesi nzito zilisikilizwa Uvira na rufaa zilikwenda Bukavu. Kwa hiyo nauli, malazi na chakula vimekuwa sehemu ya bei ya utetezi kabla wakili hajataja malipo yake.

Chini ya Wabelgiji, kesi nyingi za vijijini ziliishia katika mahakama za wenyeji, zilizopangwa kwa dekreti za 1926 na 1938. Machifu na wazee ndio walioamua, na mshtakiwa alijieleza mwenyewe huku ukoo ukikusanya faini au fidia. Uwakili ulikuwa kazi ya Wazungu wa mijini, na uhuru ulipofika mwaka 1960, Mkongo mwenye shahada ya sheria alikuwa adimu.

Sheria ya mwaka 1979 ndiyo inayotawala kazi hiyo hadi leo. Iliweka chama cha mawakili katika kila mahakama ya rufaa, na pembeni yao kundi la watetezi wa mahakama, wanaoruhusiwa kusimama katika mahakama za chini tu. Kwa familia nyingi mtetezi huyo ndiye aliye karibu. Malipo hupatanwa, kwa kuangalia uzito wa kesi, kazi iliyofanyika na uwezo wa mteja. Fedha ya zaire ilipoporomoka, mapatano ya muda mrefu yakapoteza maana: mwaka 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Tangu hapo dola ya Marekani ndiyo kipimo cha mapatano mengi.

Katiba ya 2006 inataka mtu asizuiliwe katika mahabusu ya polisi zaidi ya saa 48, na ampate mtetezi tangu hatua ya uchunguzi. Asiye na uwezo anaweza kupewa wakili wa bure, anayeitwa pro deo. Udhaifu uko hapo: serikali haimlipi ipasavyo, hivyo kazi huangukia mara nyingi wakili mwanagenzi, ambaye huenda akamwona mteja kwa mara ya kwanza siku ya kesi. Haki ya bure bila bajeti ni haki nusu.

Kwa kesi kubwa, fedha zimetoka nje. Mwezi Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, kusini mwa Uvira, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji uliofanyika Fizi. Kikao hicho cha kuhamahama kiligharimiwa na wafadhili. Mwizi wa mbuzi hapati mfadhili. Ukoo wake ndio unaouza shamba.

Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, mstari wa mapigano ulikuja kumtenga mtu wa Katogota na mahakama yake ya rufaa. Kwa njia hiyo hata mwenye fedha za kumlipa wakili alikosa mahali pa kumpeleka.