Toleo lililojificha nyuma ya jina

Majuzi niliunda programu kwenye laptopu yangu, nikaipeleka kwenye sava ya mteja hapa Nairobi. Ikakataa kuanza: eti GLIBC_2.34 haipatikani. Mteja anangoja, nami natoka jasho. Nikaifungua faili kwa nm ya pale pale kwenye sava. Ikanipa majina matupu: __libc_start_main, memcpy. Lakini hayo yote sava inayo! Shida iko wapi?

nm ni mzee, alikuwepo kwenye Unix ya kwanza mwaka 1971. Enzi hizo jina lilikuwa jina tu. Miaka ya 1990 Sun, kwenye Solaris, wakaanza kuyapachika majina matoleo. Kwenye Linux, Ulrich Drepper na Eric Youngdale wakasogea mbele zaidi: maktaba moja iweze kubeba jina lile lile mara mbili, la zamani na jipya, kila programu ichukue lake.

Faida yake ilionekana kwa memcpy. Mwaka 2010, watumiaji wa Fedora 14 walisikia sauti ya Flash ikikwaruza. memcpy ilikuwa imebadilishwa iwe na kasi, na Flash ilikuwa ikiitumia vibaya, ikinakili sehemu za kumbukumbu zinazopandana. Linus Torvalds mwenyewe aliingia kwenye ugomvi huo, akiwatetea watumiaji. (Mimi niko upande wake. Mtu anataka video, hataki hotuba kuhusu kanuni za C.) Mwaka 2011 glibc 2.14 ikaja na memcpy mbili: memcpy@GLIBC_2.2.5 yenye upole wa zamani kwa programu zilizokwisha kuundwa, na memcpy@@GLIBC_2.14 kwa mpya. Alama mbili za @ maana yake ndilo toleo litakalochukuliwa na programu inayoundwa leo.

objdump -T na readelf zilikuwa zikionyesha hayo zamani. nm ilianza kuyaonyesha bila kuombwa mwaka 2020, kwenye binutils 2.35. Ya sava ile ilikuwa ya kabla ya hapo.

Basi nikaandika objdump -T, na siri ikatoka: __libc_start_main yangu ilidai GLIBC_2.34, ya mwaka 2021. Sava ilikuwa na glibc 2.17! Nikaiunda upya ndani ya mfumo wa zamani, nikakagua tena: GLIBC_2.2.5. Ikaanza mara moja, nami nikampigia mteja simu.