Bamba la chuma juu ya kuni: Kutoka katlesi za dagaa wa Kirumba hadi nanasi la Geita

Ukipita maeneo ya Kirumba jijini Mwanza jioni na kukuta mtu anapika nje kwa kuni, mara nyingi juu ya moto kuna sufuria ya ugali au karai la mafuta. Samaki anatumbukizwa kwenye mafuta, chipsi zinatumbukizwa, mihogo nayo hivyo hivyo. Lakini kipo chombo kingine ambacho wauza chapati wanakijua siku nyingi, na kinaweza kubeba mlo mzima kwa vijiko vichache tu vya mafuta. Ni bamba bapa la chuma. Pwani huitwa tawa, bara wengi husema tu chuma cha chapati.

Chuma cha aina gani?

Bamba zuri ni la chuma cheusi kisichopakwa rangi, unene wa milimita 5 au 6. Fundi wa kuchomelea anaweza kulikata kwa ukubwa unaotakiwa na kulizungushia ukingo mdogo ili mafuta yasimwagike. Jembamba hupinda. Moto ukipiga katikati, hapo hutanuka kuliko kingoni, chuma kinabinuka na mafuta yote yanakimbilia pembeni.

Bati la kuezekea halifai kabisa, hata liwe jipya. Limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaoweza kumletea mtu homa na kubana kifua. Mfuniko wa pipa lililowahi kubeba kemikali nao uachwe huko huko ulikotoka.

Bamba jipya huoshwa, hukaushwa motoni, kisha hupakwa mafuta kidogo sana kwa kitambaa na kuachwa hadi lifuke moshi. Likirudiwa hivyo mara tatu au nne, chuma kinakuwa cheusi cha kung'aa na samaki hang'ang'anii.

Faida kubwa ni kwamba bamba halina joto moja. Kuni zikisukumwa upande mmoja, upande huo unaunguza, katikati panaivisha taratibu, na upande wa mwisho unatunza joto tu. Matone ya maji ndiyo kipimo. Yakichemka polepole, bado. Yakichemka na kukauka mara moja, panafaa kwa chapati na mayai. Yakigeuka vijishanga vinavyokimbia huku na huko, hapo ni pa samaki.

Dagaa wabichi, si wa kukaushwa tu

Mwalo wa Kirumba unajulikana kwa dagaa wakavu wanaosafirishwa mikoani na nje ya nchi. Wabichi hawazungumzwi sana, na hapo ndipo bamba linapookoa jahazi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na uvuvi hunoga siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki kama kawaida na mzigo unapungua. Msimu wa mvua nao una shida yake: jua halitoshi kukausha, dagaa wanaharibika au wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Anayewanunua wabichi asubuhi na kuwapika siku hiyo hiyo anapata kitoweo kizuri, na mvuvi anapata mteja asiyesubiri jua.

Kwa katlesi, dagaa wabichi nusu kilo huondolewa vichwa kwa kubana na vidole (utumbo mchungu hutoka navyo), kisha huoshwa mara kadhaa hadi maji yawe meupe. Huchanganywa na kitunguu kilichokatwa vidogo, hoho, tangawizi ya kusagwa, giligilani, chumvi, mayai mawili na unga wa dengu vijiko vinne hivi. Unga wa muhogo unafaa pia, ila katlesi zinakuwa ngumu kidogo zikipoa. Mchanganyiko ukiwa mzito wa kushikana, huchotwa kwa kijiko na kubapwa juu ya bamba lililopakwa mafuta, upande wa joto la kati. Dakika nne upande mmoja, tatu upande wa pili. Unene usizidi kidole, vinginevyo nje itaungua na ndani itabaki mbichi.

Zikiliwa na ugali na kachumbari yenye limao la kutosha, hata mtoto anayekimbia dagaa kwa sababu ya macho yao huwa hashtuki.

Sato juu ya jani la mgomba

Sato wa kukaanga anajulikana. Huyu ni tofauti: anapasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, bila kutenganisha upande wa tumbo. Hupakwa chumvi, limao na kitunguu saumu kwa dakika 20, halafu hufutwa hadi akauke. Wengi huruka hatua hiyo ya kukausha, kisha wanalaumu chuma kwamba kinashika ngozi. Maji ndiyo yanayoshika.

Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilegee, linatandikwa kwenye bamba, sato analazwa upande wa ngozi chini, na sufuria inafunikwa juu yake kifudifudi. Mvuke unaivisha juu wakati jani linaungua taratibu chini na kutoa harufu yake. Dakika 12 hadi 15 zinatosha kwa samaki wa kawaida, na nyama ikiachia mfupa ameiva. Tukiwa hapo kwenye sato: mwenye urefu chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa, kwa hiyo bei nafuu ya samaki wa kiganja isimvutie mtu.

Chapati za majirani

Upande wa pili wa ziwa, Uganda, kuna rolex, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa. Mayai mawili hupigwa na kabichi, nyanya na kitunguu, humwagwa kwenye bamba, chapati hulazwa juu yake kabla hayajakauka, kisha vyote huviringishwa pamoja. Kwa Kirumba, nyongeza inayoeleweka ni sangara aliyechemshwa, akachambuliwa na kukaushwa kidogo kwa pilipili manga pembeni ya bamba hilo hilo.

Forodhani, Zanzibar, wana pizza yao. Kinyunya kinatandazwa kiwe chembamba kama karatasi, katikati kinawekwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kisha kinakunjwa mraba na kupikwa kwenye tawa. Hapa pia sangara anakaa vizuri mahali pa nyama. Ila asiwe na majimaji, kinyunya kitapasuka na yai litakimbia.

Zege nalo linawezekana. Viazi mviringo huchemshwa hadi karibu kuiva, hukatwa vipande bapa, huchomwa kwa vijiko viwili vya mafuta hadi viwe vya dhahabu, ndipo mayai yamwagwe juu. Wazee wa chipsi zinazodondosha mafuta watasema hilo si zege. Wasema tu, mafuta yenyewe bei yake wanaijua.

Moto ukianza kufa

Kuni zikibaki makaa, bado kuna kazi. Matobolwa, vile viazi vitamu vya Kisukuma vinavyochemshwa na kukaushwa juani, vikilowekwa hadi vilainike huchomwa taratibu kwenye bamba na kunyunyiziwa karanga za kutwanga. Kwa chai ya maziwa ni kifungua kinywa cha maana. Nanasi la Geita likikatwa vipande vya unene wa sentimita moja hubadilika rangi kwa sukari yake lenyewe, na pilipili na chumvi kidogo vinatosha.

Kuni, upepo na usafi

Kuni ziwe kavu za kuvunjika kwa mlio. Mbichi zinatoa moshi mwingi na joto kidogo, na moshi huo unaishia kwenye mapafu ya anayepika. Mbao za rangi na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa visitumike. Minyaa ya uzio pia hapana, utomvu wake unaumiza vibaya macho. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, hivyo mdomo wa jiko uwekwe ubavuni mwa upepo ili moto usichachamae upande mmoja.

Serikali nayo inasukuma watu waachane na kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mwenye bamba hapotezi kitu, kwa kuwa linakaa hata juu ya jiko kubwa la gesi, na mapishi yote haya yanabaki yale yale. Kinachopungua ni ladha ya moshi.

Samaki mbichi na chakula kilichoiva visishirikiane kisu wala sahani. Mwisho wa kazi, bamba hukwanguliwa likiwa bado na joto na kufutwa. Maji ya baridi yasimwagwe juu ya chuma chenye moto mkali, maana kitapinda. Kikishapoa kinapakwa mafuta kidogo, kwani unyevu wa kando ya ziwa huleta kutu usiku mmoja tu.