Barafu ya Rwenzori inaisha tangu 1906

Wasikilizaji wetu wa Mutwanga, na ninyi mliokimbilia Beni mjini, ule weupe mnaouona juu ya Rwenzori mawingu yakifunguka ni mabaki tu. Mwaka 1906, mwanamfalme Mwitaliano Luigi Amedeo alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, barafu ya mlima ule ilienea karibu kilomita za mraba 6.5. Leo haifiki hata moja.

Nani ameiyeyusha? Wengi mnatupigia simu redioni mkisema ni makala yetu. Kweli, kukata miti kunaharibu udongo, mvua ikipiga mashamba yanateremka. Lakini joto la dunia limeletwa zaidi na moshi wa makaa ya mawe na mafuta, ulioanza katika viwanda vya Ulaya na Marekani, zamani kabla pikipiki hazijafika kwetu.

Mto Semliki hautakauka kwa kukosa barafu, maji yake mengi ni ya mvua. Basi tuangalie mvua. Mama aliyekimbia shamba lake, anayelima sasa kipande cha kukodi, mvua ikimchelewea wiki tatu hana mbegu za kupanda mara ya pili.